Nani Ashikaye Mizani? Darasa juu ya Mahindi ya Malaba na Busia



Katika darasa hii twataka kuzungumza juu ya suala ambalo wengi wetu hulidhania limekwisha kujibiwa zamani, nalo ni hili: sayansi inaposema neno, je, neno lake ni hukumu, au ni ushahidi tu unaomngoja hakimu? Mtu aweza kusema kuwa masuala kama haya ni ya watu wa vyuo vikuu, wenye nafasi ya kubishana mchana kutwa. Sivyo. Hili ni suala la sima iliyo katika sahani zetu. Na mahali pa kulitazama si mbali: ni Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mahali ambapo barabara itokayo Kilindini hufikilia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900. Hapana mtaa wa mji wetu usio na dereva au utingo aliyepata kulala chini ya lori huko Malaba, akingoja karatasi.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia wakuu wa forodha kuwa mahindi ya Uganda na ya Tanzania yasiingie tena nchini, kwa sababu uchunguzi umeonyesha kuwa yana sumukuvu kupita kadiri ya salama. Malori yaliyokuwa njiani yakasimama na mizigo yake, na wenye mali wakawa hawajui warudi au wangoje. Serikali ya Uganda ikalalamika. Hazikupita ila siku tano. Tarehe 10 Machi amri ikalegezwa: mahindi yaingie, kwa sharti kuwa mwenye kuyaleta awe ameandikishwa, aonyeshe yametoka wapi na yatawekwa katika ghala gani, na kila shehena ifuatane na cheti kwamba sumu iliyomo haifiki sehemu 10 katika bilioni.

Wako waliosema kuwa amri ile ilikuwa ni siasa ya biashara iliyovishwa kanzu ya sayansi, na wako waliosema kuwa ni sayansi tupu, na mwenye kuipinga ni adui wa afya za watu. Sisi hatutaki kuingia katika nia za watu, kwani nia haina maabara ya kuipima. Twataka kuuliza juu ya ile kumi. Imetoka wapi? Na lori lenye 9 limepambanukaje na lori lenye 11, hata hili likapita na lile likarudishwa?

Kwanza yapasa tuijue sumu yenyewe, kwani mwenye kubisha juu ya kitu asichokijua huwachosha wenzake. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulipofanywa ikaonekana kuwa walilishwa mashudu ya njugu nyasa yaliyotoka Brazil, na kwamba njugu zile zilikuwa zimeota ukungu uitwao Aspergillus flavus. Katika jina hilo ndimo lilimotolewa neno aflatoksini. Ukungu huu waishi katika udongo wa nchi zenye joto, hupanda juu ya mahindi na njugu shambani na ghalani, na hufurahi sana panapokuwa na unyevu. Sumu yake haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache kwa kuharibu ini. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huzidi maradufu kwa mtu aliye na homa ya ini ya aina ya B. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu mwaka 1987. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na jirani zake, waliugua watu 317, na katika hao wakafa 125.

Basi sumu ipo, na yaua. Mwenye kusema kuwa babu zetu walikula mahindi yaliyoota ukungu na hawakudhurika hana hoja. Babu zetu walikufa kwa maradhi ya tumbo na ya manjano ambayo hawakujua sababu yake, na kutojua sababu si dalili ya kuwa haipo.

Lakini angalia, msomaji, namna maneno yanavyobadilika daraja bila ya sisi kuhisi. Kusema kwamba sumu hii huua ni jambo la yakini; dalili zake zimekutana kutoka pande nyingi, kwa wanyama na kwa watu, kwa miaka zaidi ya sitini. Kusema kwamba lori hili lililosimama hapa Malaba lina sehemu 14 katika bilioni si jambo la yakini namna ile. Ni dhana, yaweza kuwa dhana yenye nguvu, yaweza kuwa dhaifu, na nguvu yake yategemea mkono uliochota. Na kusema kwamba sehemu 10 ziruhusiwe na 11 zizuiwe si yakini wala si dhana, kwani si habari ya kitu kilichoko. Hiyo ni hukumu. Watu watatu tofauti wanena, na sisi twasikia sauti moja, na sauti hiyo twaiita sayansi.

Hapo katikati, kwenye uchotaji, ndipo penye mambo yasiyosemwa sana, na kwa hivyo twapenda tukae kidogo.

Sehemu 10 katika bilioni ni nini? Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Sumu inayoruhusiwa humo haifiki hata miligramu moja. Lori la tani 28 laruhusiwa kiasi kisichofika theluthi ya gramu moja, na limetanda ndani ya malaki ya punje zisizohesabika. Lau sumu hiyo ingekuwa imeenea sawasawa, kama chumvi ndani ya mchuzi, mtu angeonja mahali popote na akajua habari ya chungu kizima. Lakini haikuenea hivyo. Ukungu hushika punje hii ukaiacha ya pili yake. Wataalamu wamepata kuona punje moja ya mahindi yenye sumu kufikia sehemu 400,000 katika bilioni. Hebu tufanye hesabu. Punje ina uzito kama wa theluthi ya gramu au kidogo chini yake. Tuseme gramu 0.3. Punje moja ya namna hiyo yatosha kuwapeleka wenzake wasio na kosa lolote, kilo 12 nzima, mpaka kwenye ile kumi. Kilo 12 ni punje kama 40,000. Yaani ni mmoja katika arubaini elfu!

Sasa mkaguzi anakuja na kikombe chake, achota kilo moja katika hizo 12. Ikiwa ile punje imeingia kikombeni, na kilo yote ikasagwa na kupimwa, mashine itasema 120. Ikiwa haikuingia, mashine itasema sifuri. Mahindi ni yale yale, mkaguzi ni mwaminifu, mashine ni nzima, na majibu mawili haya yote ni kweli juu ya kile kilichokuwamo kikombeni. Uongo huingia pale mtu anapochukua habari ya kikombe akaifanya kuwa habari ya lori.

Mtu asije akatwaa maneno haya akasema, kumbe kupima ni kazi bure. La hasha. Dawa ya jambo hili yajulikana: kuchota kidogo kidogo katika magunia mengi na katika kila pembe ya lori, kuchanganya, kusaga yote kabla ya kutoa kile kijiko cha kupimwa, na kurudia. Kila kikombe kinapozidi kuwa kikubwa na kutoka pahali pengi, dhana huzidi kuikaribia yakini. Lakini jambo hili lataka wakati, na wafanya kazi, na fedha. Na katika foleni ya malori, wakati ndio kitu cha kwanza kuibwa. Basi ukiona cheti chenye nambari moja, swali la mwenye akili si "mashine ni ya nchi gani?" bali ni "mlichota wapi, na mara ngapi?"

Tuje kwenye hukumu yenyewe. Sehemu 10 ni kipimo kilichowekwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka 4 kwa nafaka iliyo tayari kuliwa. Marekani imeweka 20 kwa chakula cha watu. Je, ini la mtu wa Ulaya ni dhaifu mara tano kuliko ini la Mmarekani? Hapana mwanasayansi anayesema hivyo. Kitabu cha sumu ni kimoja. Wasomaji wake wametoa hukumu mbali mbali, kwa kuwa kila mmoja ameweka katika mizani mambo mengine pamoja na sumu: mkulima wake atapoteza kiasi gani, chakula kingine kipo au hakipo, na watu wake hula mahindi mara ngapi. Na hapa pana jambo la kushangaza. Mtu wa Ulaya, aliye na kipimo kikali, hula mahindi kwa nadra; na mtu wa kwetu, mwenye kula sima mchana na usiku, ndiye mwenye haja zaidi ya kipimo kikali, na ndiye atakayelala na njaa kipimo kikizidi ukali. Hilo haliamuliwi na darubini.

Mtaalamu mmoja wa Kimarekani wa mambo ya nguvu za atomiki, Alvin Weinberg, aliandika mwaka 1972 kwamba yako masuala ambayo sayansi ndiyo inayoyazusha, na kwa lugha ya sayansi huulizwa, lakini sayansi yenyewe haiwezi kuyajibu. Alikuwa akifikiria mionzi midogo midogo na mitambo ya atomiki. Nasi twaona kuwa maneno yake yapata makazi mema kabisa katika kituo cha Malaba. Ni kiasi gani cha hatari ambacho mtu ana haki ya kumtwika mwenziwe ili mwenziwe huyo apate chakula kwa bei nafuu? Suala hili limezaliwa maabarani, lakini haliwezi kujibiwa humo. Lataka majilisi, na mashauri, na watu wenye kuulizwa.

Kwa nini basi watawala hupenda kulificha suala ndani ya nambari? Mwanahistoria Theodore Porter, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, ameonyesha kwamba nambari hutafutwa zaidi na maofisa wasioaminiwa kuliko na wataalamu wenye nguvu. Ofisa akisema, "Nimeamua mimi," ataulizwa wewe ni nani. Akisema, "Kumi imesema," maneno yamekwisha. Katika mpaka wa nchi mbili jambo hili huwa kubwa zaidi, kwani upande huu hauna sababu ya kumsadiki ofisa wa upande ule, na wote wawili wamekubali kuisadiki mashine. Hatusemi hayo kwa ubaya. Nambari yenye kufuata kanuni ni bora mara elfu kuliko uso wa mkaguzi aliyeamka vibaya. Twasema tu kwamba nambari imesimama mahali pa kuaminiana, na mwenye kusimama mahali pa mwenziwe yafaa ajulikane.

Tumeyaona hayo pale pale mpakani kwa jambo lingine. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva walipimwa Malaba na Busia, na foleni za malori zikafika makumi ya kilomita. Maabara zilikuwapo, shida kubwa ilikuwa ni kwamba karatasi ya nchi moja haikuwa hoja mbele ya nchi nyingine, hata Jumuiya ikatengeneza mtambo wa kufuatilia madereva kwa simu ili cheti cha huku kisomwe na kule. Na Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dereva apimwe tena mpakani kwa malipo ya dola 30, madereva waligoma, foleni ikarudi, na mafuta yakaadimika Kampala. Kipimo ni kile kile na pua ni ile ile. Ugomvi ulikuwa: nani apima, nani alipa, na nani asadikiwa?

Sasa turudi kwenye mahindi, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wale 125 waliokufa mwaka 2004 hawakuuawa na mahindi yaliyopita Malaba. Aghlabu walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, na mengine ya masoko ya karibu yao. Na Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya lilipozuia aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii, unga ule ulisagwa ndani ya nchi na kuuzwa katika maduka tunayoyajua. Basi sumu haina uraia. Kwa nini, basi, macho yote yaelekee mpakani? Kwa sababu mpakani kuna lango. Malori hupanga mstari, afisa yupo, muhuri upo, na mwenye mali hana pa kukimbilia. Sayansi ya serikali hupima mahali panapopimika. Ghala la mkulima wa Kitui halina lango, wala chungu cha mama aliye mjane hakina muhuri, na huko ndiko watu walikokufa. Mtu aliyepoteza ufunguo gizani akautafuta chini ya taa, si kwa kuwa ulianguka hapo bali kwa kuwa hapo pana mwangaza, hatumwiti mwongo. Lakini hatumwambii kuwa ameutafuta vya kutosha.

Hata huko mpakani, lango si njia zote. Tangu 24 Februari 2018, Marais wa Kenya na Uganda walipokifungua kituo cha pamoja cha Busia, lori husimama upande mmoja tu, ule wa nchi liingiayo, na maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya dari moja. Hili ni jambo la kushukuriwa. Mfanya biashara mkubwa mwenye tani 28 huilipa gharama ya maabara ikamwagika juu ya magunia zaidi ya 300, akaisahau. Lakini Busia na Malaba ni miji ya wafanya biashara wadogo, na wengi wao ni wanawake, mtu na magunia yake mawili au matatu. Jumuiya imewawekea utaratibu mwepesi kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000, na cheti cha asili ya bidhaa hutolewa pale pale. Walakini cheti cha asili si cheti cha usalama wa chakula, na maabara haina bei ya magunia mawili. Mama huyu afanyeje? Mpaka huu una njia za panya nyingi. Na watu wa huku ndio waliotupa neno boda boda, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Leo latumiwa mpaka Lamu kwa pikipiki. Baiskeli haipimwi na mashine yoyote. Kwa hivyo kila lango linapokazwa bila ya kumfikiria mwenye magunia mawili, mahindi yasiyopimwa huzidi, na cheti husafisha karatasi kabla ya kusafisha chakula.

Mtu atauliza: je, mnataka kipimo kiondolewe? Jawabu ni kuwa hatutaki. Twataka kipimo kiwe na mwenyewe.

Wazee wetu katika Uislamu hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika mwaka 515 wa Hijra, nao waafikiana na 1121 wa Miladi, Abdul-Rahman al-Khazini wa Marw, ambaye asili yake alikuwa mtumwa wa Kirumi kisha akasomeshwa, alitunga kitabu kizima juu ya mizani, akakiita Mizani ya Hikima. Humo alieleza mizani ya kupimia vitu hewani na majini, ambayo huitambua dhahabu iliyochanganywa na kito cha bandia bila ya kukivunja. Ilikusudiwa kwa hazina ya Sultani Sanjar. Lakini angalia alichokifanya: aliandika namna ya kuitengeneza, namna ya kuisawazisha, na kasoro zinazoweza kuingia. Mwenye kukisoma kitabu aweza kuikagua mizani. Na katika masoko ya miji ya Kiislamu alikuwapo muhtasib, kazi yake kukagua pishi na mawe ya mizani na unga wa waokaji, na kazi hiyo akiifanya sokoni, mbele ya muuzaji na mnunuzi. Hatusemi kuwa mambo yao yote yalikuwa mema. Vitabu vya hisba vimejaa hila za wauzaji, na muhtasib mwenyewe aliweza kula rushwa. Twasema kuwa kipimo kilikuwa kikionekana.

Na Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefia Cairo, aliandika kitabu kizima cha kuorodhesha shaka zake juu ya Ptolemy, mtu ambaye elimu yote ya nyota ya zama zile ilisimama juu yake. Hakumtukana wala hakumkataa. Alimtaka dalili. Sisi tuliozoea kuwalaumu watu kwa taqlidi katika dini, kwamba hufuata bila ya kujua hoja, yapasa tujichunge tusiingie katika taqlidi ya pili, ya kufuata mashine kwa kuwa ni mashine. Na mwenye kuikataa mashine kwa kuwa ni ya kigeni, naye ni mfuasi vile vile, ila amepotea kwa njia ya pili.

Jambo hili litazidi kuwa zito miaka ijayo, kwani vyombo vinakuja vingi. Vipo tayari vipande vidogo vya kupimia ambavyo husomwa kwa kamera ya simu. Zipo mashine zinazopitisha punje mbele ya taa na kuitupa moja moja iliyo mbaya. Ipo dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, ambayo si dawa ya kuua, bali ni ukungu wa jamaa moja usiotoa sumu, hutawanywa shambani ili uwatangulie wale wabaya na kuwanyima nafasi. Aina ya Kenya hutengenezwa Katumani, karibu na Machakos. Yapo magunia yasiyopitisha hewa. Na iko akili mnemba, ambayo hufundishwa kwa habari za shehena zilizopita ikakisia ni lori lipi lifunguliwe na lipi liachwe lipite. Siku yaja, nayo si mbali, ambapo lori litakuwa limehukumiwa kabla halijafika mpakani.

Watu wawili huzungumza juu ya siku hiyo. Wa kwanza asema: alhamdulillahi, mashine hailagi rushwa. Ni kweli, mashine hailagi. Mkono unaojaza kikombe wala. Na mashine iliyofundishwa kwa hukumu za miaka iliyopita imerithi macho ya wale waliohukumu: kama walizoea kufungua mahindi ya mtu mdogo na kuyaacha ya mtu mkubwa, nayo itazoea hivyo, na tofauti ni kwamba sasa hapana mtu wa kumlaumu. Wa pili asema: haya yote ni mitego ya kutuuzia mashine. Huyu naye aangalie makaburi ya Makueni.

Swali letu kwa wote wawili ni moja: mtu aliyekataliwa na mashine ataishtaki wapi? Mtu akihukumiwa na kadhi ana haki ya rufaa. Mwenye shehena naye yafaa awe nayo, na rufaa ya mahindi si jambo gumu kutengenezwa. Sampuli iliyosagwa igawanywe mbele ya mwenyewe, nusu ipimwe, na nusu itiwe muhuri na kuwekwa, ili akibisha ipelekwe maabara ya tatu isiyo ya nchi hii wala ya ile. Kipimo, na namna ya kuchota, viandikwe ubaoni katika masoko ya Busia na Malaba kwa Kiswahili, Kiluhya na Kiteso, si kwa Kiingereza cha kiwandani. Na bei ya kupima isiwe sawa kwa magunia mawili na kwa tani 28. Mambo haya hayahitaji mtaalamu wa kuyavumbua. Yahitaji watu wa kuyadai, na wadai wa kwanza yafaa wawe wafanya biashara wenyewe, pamoja na sisi walaji wa pwani, kwani shehena zile mwisho wake ni matumbo yetu.

Na ukitazama vizuri utaona kuwa kupima mpakani ni kupima kumechelewa. Sumu iliyokwisha kuingia haitoki kwa cheti. Vita vyake viko nyuma, mashariki ya Uganda na magharibi ya Kenya, nchi zenye mvua mara mbili kwa mwaka, ambako mara nyingi mahindi huvunwa ardhi ikiwa bado mbichi na kuanikwa juu ya udongo. Viwango vya Afrika Mashariki vyataka unyevu wa mahindi usizidi sehemu 13.5 katika mia. Hapo ukungu hupata shida ya kuota. Kuna chombo cha umeme cha kupimia unyevu huo, lakini kuna njia ambayo mabwana shamba huifundisha na ambayo haina umeme wala muhuri. Twaa chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka kiasi cha theluthi, tia vijiko kadhaa vya chumvi kavu ya jikoni, ufunike, utikise kwa dakika chache, kisha uiweke itulie. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi yangali na maji na hayafai kutiwa ghalani. Ikianguka chini yote bila ya kushika, mahindi yamekauka kiasi cha kuwekwa. Njia hii haisemi habari ya sumu iliyokwisha kuingia tangu shambani, wala haitoi nambari ya kuandikwa katika cheti. Lakini mwenye mahindi huiona kwa macho yake, na jirani yake huiona pamoja naye, na akishuku aweza kuirudia mara ya pili kabla lori halijaitwa.